Matangazo mubashara ya Falcon 9: picha safi, maelezo haba

SpaceX, kampuni ya Marekani, hurusha roketi yake ya Falcon 9 mara kadhaa kwa wiki, na karibu kila safari huonyeshwa mubashara, bure, kwenye tovuti ya kampuni na akaunti yake ya X. Kwa picha, hakuna anayewafikia: kamera zimefungwa kwenye roketi yenyewe, nazo humpeleka mtazamaji hadi angani. Kwa maelezo wamekuwa wachoyo. Safari nyingi za Starlink, satelaiti za intaneti za kampuni hiyo, sasa hazina mtangazaji, zina sauti za wahandisi tu, tena kwa mkato. Asiyejua cha kutazama ataona moshi, kisha kimya, na atafunga simu kabla ya kufika kwenye utamu wenyewe.

Kosa la kwanza huwa la saa. Ratiba hutolewa kwa saa za Marekani au kwa UTC, saa rejea ya dunia nzima. Afrika Mashariki ni UTC jumlisha 3. Florida, moja ya sehemu roketi inakorushwa, tunaitangulia kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao na 8 wakati wa baridi. California ni 10 na 11. Kisha kuna saa yetu ya Kiswahili, ambayo simu haiijui. Satelaiti ya Kenya, Taifa-1, iliyoahirishwa zaidi ya mara moja, hatimaye iliondoka Vandenberg, California, tarehe 14 Aprili 2023, saa 5:48 usiku wa huko. Nairobi ilikuwa tayari tarehe 15, saa 3:48 asubuhi, na simu zikisoma 9:48. Programu ya Next Spaceflight hubadilisha saa yenyewe na kutoa taarifa ratiba ikisogezwa, kwa hiyo ni heri kuiamini hiyo kuliko hesabu za kichwani.

Matangazo rasmi ya Starlink huanza dakika 5 hivi kabla ya kuruka. Hapo mengi yameshapita. Mafuta huanza kujazwa dakika 35 kabla, na zikibaki dakika 20 wingu kubwa jeupe hutoka ubavuni mwa mnara. Hiyo ndiyo dalili ya uhakika kwamba kazi inaendelea, na utaiona Spaceflight Now au NASASpaceflight, zote za YouTube, ambazo hufungua kamera zao mapema zaidi na zina watu wanaoeleza. (Hiyo ya pili si ya NASA, shirika la anga la Marekani, licha ya jina.) Oksijeni ya kimiminika hupozwa hadi karibu nyuzi -207 ili nyingi zaidi iingie kwenye tangi. Ikikaa hupata joto na kutanuka, kwa hiyo hesabu ya kurudi nyuma ikisimamishwa baada ya kujaza kuanza, kwa kawaida safari haisogezwi kwa dakika kumi; huahirishwa hadi nafasi nyingine, mara nyingi kesho yake. Ukisikia neno "hold", yaani hesabu imesimamishwa, usiendelee kuchoma bando.

Baada ya kuruka, macho yawe kwenye namba za kasi na kimo, chini ya skrini, kuliko kwenye moto. Kama dakika 1 na sekunde 12, roketi hupita penye mgandamizo mkubwa kuliko wote wa hewa. Karibu na dakika 2 na nusu injini 9 za hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini ya roketi, huzimwa, kasi ikiwa takriban kilomita 8,000 kwa saa. Hatua mbili huachana, ya pili, iliyobeba mzigo, huwasha injini yake moja, na muda mfupi baadaye kofia ya mbele inayokinga mzigo hufunguka vipande viwili. Kuanzia hapo kuna roketi mbili na seti mbili za namba, na wengi hukosea kwa kusoma namba za hatua ya pili huku wakitazama picha ya ile ya kwanza.

Hatua ya kwanza inayokwenda kutua baharini, juu ya meli, huwasha injini 3 kwenye dakika ya 6 hivi, ili ipunguze kasi kabla hewa nzito haijaiunguza. Namba hushuka ghafla ndani ya sekunde ishirini na kitu. Kutua kwenyewe huja dakika ya 8 na ushei, kwa injini moja ya katikati. Picha ikiganda hapo usihukumu: mtikisiko na moto huvuruga mawasiliano ya meli, ingawa tatizo hili limepungua sana tangu wafunge antena za Starlink. Subiri picha irudi. Na usisherehekee mapema. Tarehe 28 Agosti 2024 roketi iliyokuwa kwenye safari yake ya 23 iligusa meli, moto ukawaka chini yake, ikalala ubavu, mubashara.

Hatua ya pili huzima injini muda mfupi baada ya hapo, kasi ikiwa imepita kilomita 27,000 kwa saa. Ikikoma mbali chini ya hapo, kuna jambo. Lakini namba nzuri hazitoshi. Julai 2024 barafu ilionekana ikijikusanya kwenye injini ya hatua ya pili, nje ya kawaida, kwa sababu ya oksijeni iliyokuwa ikivuja. Hatua hiyo ilifika angani, kisha injini ikashindwa ilipowashwa tena, na satelaiti 20 za Starlink zikaachwa chini mno na kupotea. Waliokuwa wakitazama barafu walishtuka mapema. Kukatwa kwa picha ya hatua ya pili kwenye mizigo ya kijasusi ya Marekani, kwa upande mwingine, si ajali. Mteja ndiye asiyetaka ionekane.

Sasa onyo: YouTube imejaa akaunti bandia zenye nembo ya SpaceX, zikionyesha video za zamani na sura ya Elon Musk, mwanzilishi wa SpaceX, akiahidi kuzidisha sarafu za kidijitali utakazomtumia. Ni utapeli mtupu. Ukiona msimbo wa kuskani kando ya roketi, toka.

Kuhusu bando, video ya 480p hula karibu nusu GB kwa saa, na kwenye YouTube unaweza kushusha hadi 360p bila kupoteza zile namba. Dakika kumi za kuruka na kutua si mzigo. Kinachomaliza ni kusubiri satelaiti ziachiliwe, ambako huchukua karibu saa nzima au zaidi, skrini ikionyesha ramani tu. Funga, weka kengele, urudi.