Nilivyosomea ukufunzi mkuu wa makocha wa maisha: kilichonifaa na kilichonikera

Kama bado unatafuta wateja wako wa kwanza, usilipie mafunzo haya. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za ukufunzi mkuu wako hatua hiyo. Wamemaliza kozi ya kwanza ya ukocha, wateja hawaonekani, na mtu kawanong'oneza kwamba pesa iko kwenye kufundisha makocha wenzao. Mimi nilijiunga nikiwa na wateja wanaolipa na cheti cha PCC, cha ngazi ya kati ya ukocha, mkononi, na bado kulikuwa na jioni nilizojiuliza nimefuata nini.

Kwa asiyeifahamu kazi yenyewe: kocha wa maisha hafundishi mpira, wala hafanyi kazi ya mnasihi. Anakaa na mteja, anamuuliza na kumsikiliza mpaka mteja mwenyewe aone anakotaka kwenda na ataanzia wapi. Shirika kubwa linaloweka viwango ni International Coaching Federation, ICF, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995. Vyeti vyake ni vya ngazi tatu. ACC inadai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kukaa na wateja; PCC saa 125 za mafunzo na 500 za wateja; MCC, ambayo ndiyo ya juu, saa 200 na 2,500. Vyuo navyo hupewa ithibati, Ngazi ya 1 kwa wanaoandaa watu wa ACC na Ngazi ya 2 kwa wanaoandaa watu wa PCC. Mkufunzi mkuu ndiye anayebeba darasa la namna hiyo tangu siku ya kwanza hadi tathmini ya mwisho. Anafundisha, anasikiliza mazoezi ya wanafunzi, anawapa mrejesho, anawasimamia wakufunzi wasaidizi, na mwanafunzi akilalamika ni yeye anayeitwa.

Sasa la kukagua kabla hujatoa hata shilingi. ICF haitoi cheti cha mkufunzi mkuu. Inathibitisha programu za vyuo na inawapa makocha vyeti vyao; cheo cha mkufunzi mkuu unapewa na chuo, na uzito wake ni uzito wa chuo hicho. Tangazo lililonivuta mimi liliyaweka maneno "ICF" na "mkufunzi mkuu" jirani sana, hadi mtu wa haraka angeamini ni kitu kimoja. Niliwaandikia kuuliza, wakanijibu kwa uwazi, kwa hiyo siwezi kusema walinidanganya. Lakini ni wangapi huuliza? Na serikali haitakusaidia hapa. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, ila kocha wa maisha hakutajwa humo, na hapa Tanzania mtu yeyote anaweza kuamka kesho akachapisha kadi za ukocha.

Kozi yangu ilikuwa ya mtandaoni jioni, pamoja na wiki moja ya ana kwa ana Nairobi. Nilikwenda kwa basi kupitia Namanga, safari ninayoipenda kuliko ndege, ingawa ukifika mgongo unakusuta. Mpangilio ulikuwa wa hatua tatu: kwanza unakaa nyuma ya darasa la mtu mwingine na kuandika unachokiona, kisha unafundisha bega kwa bega na mkufunzi mzoefu, mwisho unaongoza wewe huku yeye akikutazama. Hatua ya kwanza ilinichosha. Nimekaa nyuma ya madarasa ya kutosha maishani.

Iliyonifanya nisiijutie ada yangu ni kazi ya kusikiliza rekodi. ICF ina umahiri wa msingi 8, na kwa ngazi ya PCC kuna orodha ya alama 37, yaani vitendo vya kocha vinavyoweza kusikika kwenye rekodi. Mkufunzi mkuu hawezi kumwambia mwanafunzi "uliniboa" au "ulinipendeza". Lazima aseme alama ipi imesikika, katika maneno yapi. Tulikuwa tunapewa rekodi moja pamoja na maandishi yake, kila mtu anaweka alama peke yake, halafu tunakutana. Darasa letu lilikuwa na watu wa Nairobi, Kampala, Kigali, na Mkenya mmoja anayeishi Dubai. Tulipishana vibaya sana. Rekodi ambayo mimi niliona imefaulu, mwenzangu wa Kampala aliiangusha bila huruma, na wote wawili tuna PCC.

Kuna rekodi moja siisahau. Kocha ni kijana, mteja ni mzee mstaafu ambaye hajui afanye nini na shamba lake na watoto wake. Kijana anaanza vizuri, shikamoo, marahaba, anauliza mzee angependa kuondoka na nini katika mazungumzo ya leo. Mzee anajibu: "Wewe ndiye mtaalamu, mwanangu. Niambie nifanyeje." Kijana ananyamaza kidogo, kisha anauliza swali lile lile kwa maneno mengine. Mzee anarudi pale pale, safari hii sauti imepoa. Wenzangu wawili walimpa kijana alama kamili kwa sababu hakuingia mtego wa kutoa ushauri. Mimi nilikataa katakata. Kwa masikio yangu, mzee alishaondoka mezani, mwili tu ndio uliobaki.

Mkufunzi wetu hakutuambia nani yuko sahihi. Alituuliza kila mmoja, "Umeyasikia wapi?" Ikabidi turudi kwenye maandishi, tuonyeshe mstari. Hapo ndipo nilipoona kwamba hukumu yangu nusu ilitoka kwenye rekodi na nusu ilitoka kwa babu yangu. Sauti iliyopoa nilikuwa na ushahidi wake, majibu ya mzee yalizidi kuwa mafupi mstari baada ya mstari. Habari ya heshima kuvunjwa nilikuwa nimeileta mimi. Ubishi ule ulitula jioni nzima, na sikujutia hata dakika.

Baadaye tulisikilizishwa kocha mwingine, kijana vile vile, mbele ya mama mtu mzima aliyemtaka amwambie la kufanya. Yeye alimjibu hivi: "Mama, maoni ninayo, lakini haya umeyaishi wewe kabla mimi sijazaliwa. Tuanze na yale uliyokwisha kuyajaribu." Mama akaongea mpaka kocha akawa hana haja ya kuuliza. Niliicheza tena na tena. Sisi tumelelewa na makungwi, mashangazi na wazee wa kikao. Mtu akija kwako na tatizo anatarajia kuambiwa, na usipomwambia anaweza kukuona huna kitu kichwani. Mwanafunzi wa ukocha wa Tandika au Likoni atakutana na jambo hili wiki yake ya kwanza, na asipofundishwa kulipokea kwa adabu ataishia mahali pamoja kati ya pawili: ama atatoa mawaidha kama wengine wote, ama atamkwepa mteja kwa maswali mpaka amkimbize. Kitabu cha kozi kiligusa suala hili kwa aya moja, chini ya kichwa cha habari kuhusu utamaduni. Yote niliyoyapata yalitoka kwenye mabishano yetu.

Sehemu ya pili iliyonibadilisha ni ya mrejesho. Unasikiliza zoezi la mwanafunzi, kisha unampa mrejesho, huku mkufunzi wako anakusikiliza wewe ukiutoa, halafu anakupa mrejesho juu ya mrejesho wako. Mwanzoni inachekesha. Baada ya muda inauma. Kocha akishapewa kiti cha ualimu ulimi unamwasha, anataka kumwaga kila alichokiona. Niliambiwa nichague jambo moja ambalo mwanafunzi akilishika wiki hii mazungumzo yake yatabadilika, na mengine niyaache yasubiri. Kunyamaza juu ya makosa uliyoyaona waziwazi ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani, na wakufunzi wasaidizi wangu leo wananilaumu kwamba na mimi nawabana hivyo hivyo.

Kisha kuna ukocha wa hadharani. Mkufunzi mkuu hukaa mbele ya darasa na mtu mwenye jambo la kweli, si la kuigiza, wanafunzi wakitazama. Katika wiki ya Nairobi mshiriki mmoja alijitolea kuleta jambo la kazini. Katikati ya mazungumzo likaibuka jambo la msiba ambao bado haujapoa, akaanza kulia. Mkufunzi aliacha zoezi. Alimuuliza kwa upole kama angependa kutoka nje kwanza na nani, akalieleza darasa kwamba hapa mazungumzo ya ukocha yamefika mpaka wake, na wakati wa mapumziko akamsaidia kupata mnasihi. Hakuligeuza kuwa onyesho. Maadili ya ICF yanamtaka kocha ajue mahali pa kumwelekeza mteja kwa mtaalamu mwingine. Nilikuwa nimelisoma hilo kabla ya mtihani, lakini kuliona likifanywa mbele ya watu wote wenye vikombe vya chai mkononi ni elimu ya aina nyingine.

Mada ya jinsi watu wazima wanavyojifunza ilikuwepo pia, mawazo ya Malcolm Knowles, mtaalamu wa elimu ya watu wazima, na mzunguko wa kujifunza wa David Kolb: unatenda, unatafakari, unapata kanuni, unajaribu tena. Ni nzuri, na inafundishika kwa siku moja. Ilinichekesha tu jinsi ilivyoletwa kama habari mpya katika nchi za huku. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na walimu wa kisomo walikuwa wakianza na maisha ya mwanafunzi, shamba lake na afya ya watoto wake, kabla wengi wetu darasani hatujazaliwa. Nilimwambia mkufunzi, akacheka, akaniomba niwasimulie wenzangu. Nikawasimulia.

Sasa kero. Kubwa kuliko zote ni mkataba. Ukishafaulu, chuo kinakupa leseni ya kufundisha mtaala wake, na kwa kila mwanafunzi utakayemsajili unakilipa chuo fungu lake. Hilo silipingi, mtaala ni wao na ithibati ni yao. Lakini kifungu kimoja kilikataza kutafsiri kitu chochote bila kibali cha maandishi. Maana yake ningefundisha watu wa Dar es Salaam wanaoishi, kuomba na kugombana kwa Kiswahili, kwa mazoezi ya Kiingereza yenye mifano ya mtu anayetaka kubadilisha kazi na kuhamia mji mwingine na mbwa wake. Niligoma kusaini. Tuliandikiana kwa wiki kadhaa, mwishowe wakaongeza kiambatisho kinachoniruhusu kutafsiri mazoezi na kubadilisha mifano, huku majina ya umahiri na alama yakibaki na maandishi ya asili pembeni. Kama nisingeusoma mkataba ule kabla ya malipo ya mwisho, sijui ningewashika wapi.

Kero ya pili: rekodi za wateja. Kozi nzima inategemea kurekodi mazungumzo ya watu, tena mazungumzo ya ndani kabisa, na kuyasikilizisha kwa wengine. Fomu ya ridhaa tuliyopewa ilikuwa imeandikwa kwa sheria za nchi nyingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na hakuna hata moja iliyotajwa. Mimi na mwenzangu wa Nairobi tulikaa na mwanasheria tukatengeneza fomu zetu, moja ya kila nchi. Chuo kilizipokea vizuri, lakini kazi hiyo ilipaswa kufanywa na wao waliochukua ada. Bando nalo sitalizungumza, kila aliyesoma mtandaoni huku anajua jinsi sauti inavyokatika mteja akifika kwenye neno lenyewe.

Ada ilikuwa karibu sawa na kodi yangu ya ofisi kwa mwaka. Imerudi? Bado haijarudi yote. Darasa la makocha haliji kama mvua ya masika. Mtu anayesaka ACC anakuuliza maswali kwa miezi, anataka kulipa kidogo kidogo, na lazima pia umpatie zile saa 10 za kusimamiwa na kocha mlezi, zinazotakiwa kutandazwa kwa miezi isiyopungua mitatu. Wateja wangu wa kawaida ndio wanaolipa bili. Darasa la jioni ninaloliongoza sasa na mwenzangu, kwa Kiswahili na Kiingereza, linajilipia na kubakisha kidogo. Kilichoongezeka waziwazi ni ukocha wangu mwenyewe. Nikimaliza na mteja naweza kusema nilichofanya na ambacho sikufanya, na mstari wake naukumbuka.

Ningeilipia tena? Kwa mtu mwenye PCC, wateja wa kudumu na hamu ya kufundisha inayotoka moyoni, ndiyo, mradi mkataba upite mikononi mwa mwanasheria kabla ya pesa. Kwa mwenye ACC aliyeipata juzi, hapana, aongeze kwanza saa za wateja.

Na anayetaka kuonja bila kulipa, kuna njia ambayo vyuo havitangazi. Omba kuwa msaidizi wa mazoezi katika darasa la mkufunzi unayemwamini. Mara nyingi wanatafuta watu wa kukaa na vikundi vidogo vya wanafunzi jioni. Malipo ni kiduchu au hayapo. Utasikiliza mazoezi mengi mabaya mfululizo, mengine saa tatu usiku umeme ukiwa umekatika na simu iko asilimia kumi. Ukiona bado unataka kujua kwa nini swali la yule mwanafunzi wa mwisho lilimfunga mteja mdomo, nenda kaulizie ada.