Helikopta haina kosa, kaunta ndiyo yenye kosa

Nilikusudia kuinyima helikopta hii ya kuchezea, ya kurushwa kwa rimoti, hata nyota moja, lakini kila nikitaka kuandika hivyo nakumbuka kwamba chombo chenyewe hakijanivunjia heshima. Aliyenivunjia heshima ni kijana wa kaunta katika duka moja la Kariakoo, na ndiye atakayechukua sehemu kubwa ya maelezo haya.

Nilimweleza bayana kwamba sijawahi kurusha chochote na kwamba nataka ile yenye seti mbili za mapanga, yaani mabawa yanayozunguka juu yake, seti moja juu ya nyingine. Seti hizo huzunguka pande zinazopingana, hivyo nguvu ya moja ya kutaka kukizungusha kiwiliwili hufutwa na ya mwenzake, na anayejifunza hubakiwa na utulivu wa kutosha kufikiria vidole vyake. Akanijibu kwamba hizo ni za watoto, akanitolea yenye seti moja ya mapanga na feni ndogo mkiani, akaapa kuwa "ni ileile tu, mzee wangu". Si ileile hata kidogo. Hii husombwa pembeni na upepo wowote wa dirishani, na humtaka mrushaji airekebishe bila kupumzika hata ikiwa inaelea mahali pamoja.

Hata hivyo, niseme kweli, niliipenda. Nilianza kwa kuirusha mkia ukinielekea mimi, kwa kuwa pua ikinigeukia, kulia kwake huwa kushoto kwangu na mkono huduwaa. Niliona pia kwamba karibu sana na sakafu ndipo inapoyumba zaidi, maana upepo wa mapanga hugonga chini na kurudi kuivuruga, ilhali ikipandishwa hadi usawa wa kiuno hutulia. Jioni moja ilikaa pale juu ya kapeti kwa muda mrefu kiasi kwamba mke wangu aliacha taarifa ya habari akaja kuitazama.

Haukupita muda mrefu, feni ya mkia ikafa. Helikopta ilikuwa katikati ya sebule, haijagusa ukuta wala pazia, mara ikaanza kuzunguka kama pia. Feni hiyo ndiyo inayokizuia kiwiliwili kisigeuke kinyume cha mapanga. Ikisimama, hakuna kijiti cha rimoti kitakachokusaidia, unakata moto tu na kuiacha ianguke.

Siku ya kununua kijana yule alinipa shikamoo mbili; siku ya kurudisha hakunipa hata moja. Bila kuishika, bila kuchomeka betri, alitangaza mbele ya wateja waliojaa pale: "Mzee, umeibamiza hii. Vitu hivi vinataka vidole vya vijana." Watu wakacheka. Nilipomwomba azungushe feni aone mwenyewe, aligeuza risiti na kunionyesha maandishi kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nilipouliza kama wana mota ya mkia ya akiba, alisema ninunue helikopta nyingine. Laiti angejua kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kuwa mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayokusudia na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa anayouziwa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Nami nilimweleza, tena kwa sauti.

Fundi simu wa mtaani kwetu, ambaye hajawahi kuuza helikopta, alifanya kwa dakika chache kile ambacho duka zima lilishindwa. Aligusisha nyaya za mota ya mkia moja kwa moja kwenye betri, isizunguke. Kumbe vidole vyangu vya uzee havikuhusika. Mota ndogo za aina hiyo zina brashi ndani, vipande vidogo vya kupitisha umeme kwa kusugua, ambazo hulika, na ndiyo maana duka lenye haya lingeweka za akiba. Alitoa mota kwenye droni mbovu, akaichomea kwa risasi ya kuunganishia nyaya. Ikazunguka kinyume, akabadilisha nyaya mbili, ikakaa sawa, na jioni ile ile helikopta ikaelea tena.

Kwa hiyo nilitaka kuipa nyota nne. Nimepunguza moja kwa sababu haimfai anayeanza, na anayeanza atafute yenye seti mbili za mapanga bila kumsikiliza mtu. Nimepunguza nyingine kwa sababu ya vipuri. Mteja asilipe kabla ya kuonyeshwa mota ya mkia ya akiba hapo hapo kaunta. Zimebaki mbili, nazo naziacha zilivyo sasa hivi kabla sijakumbuka tena kile kicheko.