Uzoefu wangu na Etymonline, kamusi ya asili ya maneno ya Kiingereza

Ukifundisha Kiingereza sekondari, lazima siku moja uulizwe: "Mwalimu, hiyo b ya debt ina kazi gani?" Kujibu "ndivyo Waingereza wanavyoandika" kulinichosha, nikahamia Etymonline, kamusi ya mtandaoni iliyoanzishwa na Mmarekani Douglas Harper. Kuisoma ni bure.

Andika debt uone. Zamani Waingereza waliandika dette, walivyolipokea kutoka Kifaransa. Kifaransa nacho kililitoa kwenye debitum la Kilatini, yaani kinachodaiwa. Baadaye wasomi wakairudisha b kwenye maandishi ili Kilatini kionekane, lakini midomo ya watu haikuwafuata. Ukibonyeza zaidi unafika kwenye debere, kudaiwa, lililoundwa kwa de na habere: kukaa na kitu mbali na mwenyewe. Darasa liliangua kicheko, na kuna kijana wa nyuma alianza kutazamwa na wenzake kwa macho ya kumdai.

Lakini kilichonifanya niiamini ni island. Kwa haraka ungeapa limetoka insula la Kilatini. Wala! Ni neno la Kiingereza cha kale, halikuwa na s kabisa. S ilipachikwa kwa kulifananisha na isle, ambalo ndilo lenye asili ya insula. Kamusi isiyomtafutia kila neno babu Mrumi naipa maksi zote.

Muscle nalo lilinifurahisha: musculus, kipanya! Eti msuli wa mkono ukijikunja unafanana na panya anayepita chini ya ngozi. Na hiyo -culus inafanya kazi ileile ya ki- yetu ya udogo, kwa hiyo wanafunzi wangu waliielewa bila maelezo marefu.

Angalizo: maelezo yote ni ya Kiingereza, na kidato cha kwanza ukimwachia peke yake atapotea. Mimi husoma kwanza, kisha nachora mishale ubaoni. Ukiona 14c. ujue ni karne ya 14, yaani miaka ya 1300. Nyota mbele ya mzizi ina maana kwamba umbo hilo halikukutwa limeandikwa popote, wataalamu wamelikisia kwa kulinganisha lugha. Na ukitaka matumizi ya neno kwenye sentensi, bado utahitaji kamusi ya kawaida pembeni.