Stashahada ya utayarishaji wa maudhui ya kidijitali, Arusha: maoni ya mhitimu aliyelipa ada kwa awamu

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, simu yangu haina raha. Wananitafuta wadogo wa marafiki, watoto wa majirani hapa Sakina, na mama mmoja wa kwaya ya usharika wetu aliyenitumia ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri ya Ijumaa Kuu: "Mwanangu anataka hiyo yenu ya makamera. Hivi ina kazi kweli, au ni kuchezea simu kwa pesa ya mzazi?" Najibu hapa, mara moja, kwa wote.

Nilisoma kwenye chuo kimoja binafsi hapa Arusha. Jina silitaji, kwa sababu cheti changu bado kiko ofisini kwao na mimi si mjinga. Nilikaa miaka miwili kwa vile niliingia na cheti cha kidato cha sita. Hapa wengi wanapotezwa na matangazo. Wa kidato cha sita mwenye prinsipo moja (ufaulu kamili wa somo) na sabu moja (ufaulu mdogo) anaanzia ngazi ya 5 ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, na kumaliza ya 6, ndiyo hiyo miaka miwili. Wa kidato cha nne anaanzia ngazi ya 4, na kufika stashahada ni miaka mitatu. Bango likiandikwa "miaka miwili tu!" kwa herufi nyekundu, uliza ni miaka miwili ya nani.

Ada ilikuwa milioni moja na laki mbili kwa mwaka, kwa awamu nne. Mimi sikuwa na mfadhili, nilikuwa na kaka mwenye kamera. Nikalipa kwa kipaimara na send-off, na mtu wa huku anajua Desemba ilivyo: Wachaga wamerudi nyumbani, kila usharika una watoto wanaobarikiwa, mashangazi wamepaki mpaka barabarani. Mpiga picha asiyepata kazi Desemba kati ya Arusha na Moshi ana lake jambo.

Sasa chuo chenyewe. Nianze na kile kilichowekwa kwenye bango, maana ndicho kinachowavuta: droni, kamera kubwa, kijana mwenye hedifoni anayetabasamu mbele ya skrini mbili. Droni ipo kweli. Ipo kabatini, betri imevimba, na hakuna mwalimu anayeirusha. Kamera zilikuwa nne kwa darasa la watu wapatao arobaini, na moja kati ya hizo ilikuwa ya mwalimu mwenyewe. Unajiandikisha kwenye daftari la stoo, unapewa saa mbili, na ukichelewa kurudisha, kundi linalofuata linakusubiri mlangoni limenuna. Mwenye simu nzuri alimaliza kazi zake kwa simu. Siyo dhambi, lakini ukishalipa "mchango wa vifaa" unategemea uone vifaa.

Muhula wa kwanza ningeukata nusu. Stadi za mawasiliano, misingi ya kompyuta, ambako mtu mwenye chaneli yake ya mtandaoni anakaa kujifunza kuandika barua ya maombi, kisha somo la historia ya utangazaji lenye notisi za kurudufu zinazoeleza antena na mitambo ya analojia kana kwamba iko hewani mpaka leo. Arusha na Moshi mitambo hiyo ilizimwa mwaka 2013! Tulizinakili hivyo hivyo, na kwenye mtihani zikaja. Kuna wenzangu walikula sapu, yaani mtihani wa marudio, ya antena.

Maabara ya kompyuta ni nusu kwa nusu. Mashine zina RAM ya GB 8, ukiweka klipu nzito za 4K programu ya kuhariri inaganda, na umeme ukikatika umepoteza mchana mzima. Mwanzoni programu zilikuwa za kukraki, zilizojaa virusi, kila flashi iliyoingia ilitoka inaumwa. Kilichotuokoa ni mwalimu mmoja kijana aliyefuta zote akatuwekea DaVinci Resolve ile ya bure, akatufundisha kutengeneza faili za proksi: unahariri kwa nakala nyepesi, mwishoni programu inarudi kwenye picha halisi na kutoa video iliyokamilika. Ukijua hilo, laptopu ya kawaida inafanya kazi ambayo watu wanadhani inataka mashine ya mamilioni. Lile somo peke yake limeniokolea pesa nyingi.

Huyo huyo ndiye aliyetatua ugonjwa wa kamera ya kaka. Binamu aliinunua Marekani, na kila tukipiga ukumbini inatoa michirizi myeusi inayopanda na kushuka ukutani. Fundi wa mjini alishasema sensa, kile kipande kinachonasa picha, imekufa. Mwalimu aliiangalia, akauliza imetoka wapi, akacheka. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera iliyopangwa kwa umeme wa Marekani wa hezi 60, kwa fremu 30 kwa sekunde na shata (muda wa kunasa kila fremu) ya 1/60, haiendi sawa na taa zetu. Weka fremu 25, shata 1/50, michirizi inapotea. Sensa ilikuwa nzima, anayo mpaka leo.

Lakini kilichonifanya nisijutie ile ada ni sauti. Hakuna bango linalotangaza somo la sauti, na hakuna mwanafunzi aliyekuja kwa ajili yake. Mwalimu wake alikuwa mzee mmoja mtaratibu ambaye alitumia miaka yake kwenye kumbi za mikutano, na Arusha kama mnavyojua ni mji wa mikutano: AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, ipo, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo. Mtu aliyezoea kurekodi mabalozi wanaoongea kwa kunong'ona hawezi kukuruhusu urekodi kizembe.

Kipindi chake cha kwanza alitupeleka soko la Kilombero bila kamera, na rekoda moja ya kupokezana na hedifoni. Kila mtu avae, asimame dakika tano, aandike anachosikia. Tuliandika "kelele". Akaturudisha. Mara ya pili ukaanza kutenganisha: konda wa kifodi, daladala zetu, anaita Ngaramtoni, mashine ya kusaga iko kushoto, mama anahesabu vitunguu kwa Kimeru, bodaboda wanne wanapita na mmoja ekzosi yake imetoboka. Akasema hapo sasa mnaweza kuchagua maiki iangalie wapi. Nikapenda kazi hii upya siku hiyo.

Alikuwa na sheria zake na hakuna aliyezivunja akapona. Rekodi kwa kHz 48, si 44.1, maana unafanyia video. Vilele vya sauti visizidi desibeli 12 chini ya sifuri, umwachie mzungumzaji nafasi ya kucheka. Kabla hamjaondoka chumbani, wote kimya nusu dakika, rekodi chumba kitupu, utakihitaji wakati wa kuhariri kuziba pengo. Maiki ndogo ya kubana usiiweke juu ya kitenge kipya chenye wanga, kinakwaruza kila mama akipumua. Ibane upande wa ndani na kipande cha plasta. Friji la kantini lizimwe, na funguo za gari la mtu uweke ndani ya hilo friji ili usisahau kuliwasha unapoondoka. Mama wa kantini hakutupenda, ingawa makande yake tulimsifu.

Faida yake naiona kila wikiendi. Familia zinazoniita mara ya pili haziulizi natumia kamera gani. Zinauliza kama nasaha za babu zitasikika, kwa sababu mpiga video waliyemchukua kwa dada mkubwa aliwapa babu anayefungua mdomo huku spika za DJ zikinguruma. Mimi babu namvalisha maiki kabla hajapewa mbege. Bei yangu imepanda kwa ajili ya babu.

Jambo la pili ni Ijumaa. Saa nane na nusu, wenzetu wakisharudi msikitini, darasa zima linakaa mbele ya projekta, na kila wiki watu watano au sita wanaonyesha kazi isiyozidi dakika tatu. Kanuni ni moja: mwenye kazi hasemi neno mpaka wote wamalize. Hakuna "nilikuwa nataka kuonyesha", hakuna "betri iliisha". Jamaa mmoja wa Unga Limited alileta video ya mafundi wa kuchomelea, cheche zinaruka, muziki mkubwa, tukapiga makofi. Binti wa Karatu, mkimya kuliko wote, akauliza: "Wanatengeneza nini?" Tuliangaliana. Dakika tatu za cheche na hakuna aliyejua ni geti, jiko au tela. Yule jamaa alirudi wiki iliyofuata na video ya fundi mmoja na geti moja, mpaka mwenye nyumba anakuja kulibeba na kulalamika bei. Ile ndiyo kazi iliyomwingiza kwenye ajira aliyonayo sasa.

Ukosoaji huo haupo mtandaoni. Mtandaoni utapata moyo na moto, au matusi. Kukaa kimya wakati watu wanaokujua wanasema hawajaelewa kazi yako ni jambo linalotaka chumba, na pengine ndiyo sababu ya kwenda chuo badala ya kujifunza kwa bando.

Sheria tulifundishwa muhula wa tatu, na mwalimu alikuwa anasoma vifungu mpaka tunasinzia, ila yaliyomo yana thamani. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999: kubaliana kwa maandishi na mteja nani ana haki ya video, kabla hajaichukua kuifanyia tangazo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022: sasa natembea na fomu ya ridhaa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, hasa nikiwapiga picha watoto. Droni ina taratibu zake za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndani ya hifadhi hurushi bila ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Hili la mwisho ni la mkate, maana nusu ya kampuni za utalii za mji huu zitakuomba "kashoti kadogo tu ka juu" Tarangire.

Na wewe unayetaka kuwa mwandishi wa habari, soma hapa vizuri. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na ithibati. Stashahada ya maudhui si lazima iwe sawa na ya uandishi wa habari. Kabla hujalipa, muulize msajili kwa maandishi kama cheti hiki kinakubalika na Bodi ya Ithibati. Akikujibu kwa mdomo, hajakujibu.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, ni udhaifu mkubwa. Chuo kinakupa barua yenye mhuri, mengine ni miguu yako. Mimi nilipata kampuni moja ya utalii iliyonipokea kwa furaha, ikanipa kazi ya kupakia picha na kuchemsha chai. Msimamizi kutoka chuoni alipiga simu, akauliza kama naendelea vizuri, akaandika alama.

Ajira basi, mama wa kwaya. Mwanao akitegemea akimaliza aajiriwe kwenye televisheni, atakaa sana nyumbani. Kazi ya Arusha iko kwenye utalii, mikutano, mashirika, makanisa na sherehe, na nyingi ni za kujiajiri. Mtoto asiyeweza kumpigia mteja simu kudai salio lake hatafika mbali hata awe na jicho zuri namna gani. Kama tayari ana kamera na wateja, mimi ningempeleka kozi fupi ya sauti na ya kuhariri, zile milioni mbili na ushee zikanunue maiki na taa. Kama ametoka shule juzi, hana mtaji wala wa kumkosoa, basi chuo kina maana, akichagua kwa walimu na si kwa bango. Na namba ya uhakiki ya NACTVET itamruhusu kuomba chuo kikuu baadaye, hilo kwa mzazi si dogo.

Mkienda kuangalia chuo, nendeni siku ya kawaida, si siku ya maonyesho. Ombeni kuona daftari la stoo la kuazima kamera, mhesabu majina na vifaa. Muulize nani anafundisha sauti, na kama jibu ni "yule yule wa kamera", shukuruni kwa soda muondoke. Muulize kazi za wanafunzi zinaonyeshwa lini, na kama mgeni anaweza kukaa nyuma. Halafu muulize mhasibu kama ada ya mtihani imo ndani ya ada au iko nje, maana kwetu ilikuwa nje, na tuliambiwa wiki moja kabla ya mtihani.