Shahada ya mitandao na usalama wa kompyuta: uzoefu wangu, kutoka Malindi

Nilisomea shahada hii miaka minne katika chuo kikuu kimoja cha huku Pwani, na sasa kazi yangu iko hapa Malindi, zaidi kwenye hoteli na nyumba za wageni. Vijana waliomaliza kidato cha nne huniuliza kama kozi yafaa. Yafaa. Ila sehemu inayowavuta, ule udukuzi na skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote, na masomo ambayo darasa zima lilikuwa likiyalalamikia ndiyo yanayonilisha leo.

Nianze na hayo ya kulalamikiwa. Tulifundishwa kugawanya mitandao kwa kalamu na karatasi, bila kikokotoo. Mhadhiri alikuwa akiingia, hata salamu hajamaliza, anamnyooshea mtu kidole: “Slashi ishirini na sita!”, yaani /26, alama ya ukubwa wa mtandao. Ujibu hapohapo: anwani (namba za kutambulisha vifaa mtandaoni) 64, za vifaa 62, maana ya kwanza ni ya mtandao wenyewe na ya mwisho ni ya kutangazia wote. Watu walimchukia kwa dhati. Wengine waliona ni mambo ya kizamani, kwani si kuna programu za kupiga hesabu hizo?

Sasa sikiliza. Hoteli moja ya ufuoni iliniita kwa sababu kila Jumamosi ya harusi waifai “inashika lakini haileti.” Mwenyewe alikuwa tayari kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Kasi haikuwa na kosa lolote. Ruta, kifaa kinachounganisha simu na kompyuta na intaneti, ilikuwa na anwani mia moja tu za kugawa, na kila simu iliyopewa anwani iliikalia saa 24, hata mwenye simu awe ameshafika kwao Watamu. Wapambaji, wapishi na vijana wa muziki walizimaliza asubuhi, kabla bwana harusi hajavaa kanzu. Nikaupanua mtandao wa wageni hadi /22, wenye nafasi ya vifaa 1,022, na muda wa kukalia anwani nikaushusha hadi saa moja. Kifurushi kilibaki kilekile.

Siku hiyohiyo niligundua kuwa mgeni yeyote aliyeketi kando ya bwawa na simu yake angeweza kuifikia mashine ya risiti, printa ya ofisi na kamera za CCTV, kwa kuwa vyote vilikuwa kwenye mtandao mmoja. Nikavitenga kwa VLAN, njia ya kuugawa mtandao mmoja kuwa mitandao iliyotengana, wageni kwao na ofisi kwao, na sheria za faiwoli, kichujio cha mawasiliano, katikati. Hiyo ni kazi ya usalama kabisa, lakini sikuifunzwa kwenye somo la usalama. Niliifunzwa kwenye somo la swichi (kifaa cha kuunganisha nyaya za mtandao), mwaka wa pili, na yule mhadhiri wa slashi ishirini na sita.

Maabara ilikuwa na swichi na ruta halisi, ila chache, na foleni yake ndefu. Tulifanya zaidi kwa Packet Tracer, programu ya bure ya kampuni ya Cisco inayokuwezesha kujenga mtandao mzima ndani ya kompyuta. Inatosha kwa kujifunza amri. Haikufunzi kwamba kichwa cha waya kilichobanwa vibaya kinaweza kukupotezea mchana mzima. Wireshark, programu ya kutazama data inayopita mtandaoni, nayo ni ya bure, na nadhani ndiyo iliyofungua macho ya wengi: ukiliona neno lako la siri limepita kwenye HTTP, mawasiliano ya tovuti yasiyofichwa, herufi kwa herufi, kila mtu analisoma, hutaambiwa tena umuhimu wa kufuli ile ndogo ya kivinjari.

Nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini Mei 2024, intaneti ya Afrika Mashariki yote ikajikokota. Hapa mtaani kila mtu alimlaumu mtoa huduma wake. Mimi niliketi na amri ya kufuatilia njia ya pakiti, yaani vipande vya data, nikaangalia zinavyozungushwa na zinavyochelewa. Nilifurahi kama mtoto, wallahi, huku jirani yangu akilia kwamba video zake hazifunguki.

Somo la usalama lenyewe sasa. Tulikaa majuma kwenye DES, usimbaji fiche wa mwaka 1977 wenye ufunguo wa biti 56, uliovunjwa hadharani mwaka 1998. AES, iliyoidhinishwa kuwa kiwango kipya mwaka 2001 na ndiyo inayolinda waifai ya nyumbani kwako hivi sasa, ikapewa kipindi kimoja. Historia ni nzuri, lakini muhula haurefuki. Mashambulizi tuliyasoma kwenye slaidi. Kali Linux, mfumo wenye zana za udukuzi, tuliiweka wenyewe hosteli, usiku, tukishambulia kompyuta pepe zetu wenyewe ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta.

Nitatoa sifa kwa kipindi cha sheria, ambacho wengi walikitoroka. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta inasema kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kunaweza kukugharimu faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo leo siigusi hata ruta ya hoteli kabla sijapata ruhusa iliyoandikwa. Wenye hoteli huona nawaletea urasimu. Na walete kalamu.

Lililoniudhi zaidi ni jambo ambalo halikuwamo kabisa. Mzee mmoja wa mtaa wetu aliponiona nimerudi na shahada aliniita barazani: “Mwanangu, hiyo elimu yako yaweza kunirudishia pesa zangu za M-Pesa?” Alikuwa amepigiwa simu na “huduma kwa wateja,” akasoma namba za siri moja baada ya nyingine. Nikamwambia, “Ami, pesa hizo sitaweza kuzirudisha, lakini njoo nikuoneshe walivyokuzunguka.” Huo ndio uhalifu wa kidijitali unaowapata watu wa Malindi: simu za hadaa, ujumbe wa “nimekutumia kimakosa,” laini ya simu kusajiliwa upya na mtu mwingine. Katika miaka yote minne hakuna mhadhara hata mmoja uliogusa pesa za simu. Mifano yote ilikuwa ya benki za Marekani. Nchi yenye M-Pesa tangu 2007 ilistahili muhula mzima.

Vivyo hivyo mazingira. Vitabu vimeandikiwa ofisi zenye kuta za jasi. Hapa una nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, ukuta mnene ambao masafa ya waifai ya 5 GHz hayauwezi, na hata 2.4 GHz hupita kwa shida. Upepo wa bahari hula vichwa vya waya vikageuka kijani, na kwenye mapaa ya makuti panya hufanya yao. Mambo haya nilifunzwa na fundi mmoja wa kamera asiye na cheti chochote, wakati wa mafunzo ya nyanjani. Ningeweza kumlipa karo nusu.

Gharama: mbali na karo, weka hesabu ya laptopu yenye RAM ya GB 8 au zaidi, kwa sababu kompyuta pepe mbili zikiwaka pamoja zitaikaba iliyo chini ya hapo. Ya mtumba inatosha. Bando nalo ni mzigo, hasa ukipakua mifumo ya GB 3 au 4 kwa mpigo, kwa hiyo pakueni mmoja muazimane diski. Mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, haukuwa ndani ya karo yetu. Ada yake ni kama dola 300, na waajiri wengi huutaja kabla ya shahada. Ukiweza, ufanye mwaka wa tatu wakati hesabu za anwani bado ni moto kichwani.

Alama zangu: mitandao, nne na nusu kati ya tano. Usalama, mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya kipindi cha sheria. Maabara, tatu.

Kama wastani wako wa KCSE haufiki C+ ya kuingilia chuo kikuu, usikae nyumbani ukihesabu mawimbi. Anza na diploma kwenye chuo cha ufundi. Nao hufunza swichi na ruta, na waweza kujiunga na shahada baadaye. Na ukiwa Malindi likizoni, mwenye kutaka kubeba ngazi na kuvuta waya juu ya makuti simkatai. Chakula cha mchana ni juu yangu, glavu aje nazo mwenyewe.