Drili ya mezani kwa karakana ya nyumbani: tazama spidi ya chini kabla ya wati

Drili za mezani zinazolengwa karakana za nyumbani zinafanana sana kwa sura, lakini kikazi zimegawanyika makundi mawili. Kuna ndogo ya wati 350 hivi, spidi tano, chaki (kichwa kinachobana biti) ya 13 mm na uzito wa kilo 15 hadi 20. Halafu kuna ya wati 500 na kuendelea, yenye puli (magurudumu ya ngazi yanayopitisha mkanda) tatu badala ya mbili, spidi tisa, kumi na mbili au zaidi, mara nyingi chaki ya 16 mm, na uzito wa kilo 30 kwenda juu. Boksi za zote mbili hutangaza wati kwa maandishi makubwa. Namba yenye maana zaidi iko pembeni kwa maandishi madogo: spidi ya chini kabisa.

Hesabu yake ni fupi. Biti ya HSS (chuma kigumu cha kukatia kwa kasi) kwenye chuma laini hukata vizuri ukingo wake ukienda kama mita 25 kwa dakika. Gawa 8,000 kwa kipenyo cha biti kwa milimita, utapata mizunguko kwa dakika. Biti ya 5 mm inataka 1,600, ya 10 mm inataka 800, na ya 13 mm kama 600. Chuma kisichoshika kutu kinataka nusu ya hapo au pungufu. Msumeno wa kikombe wa kutobolea tundu la 50 mm kwenye bamba la chuma unataka 160 tu.

Drili ndogo za spidi tano kwa kawaida huanzia 500 au 600. Maana yake chaki inaipokea biti ya 13 mm, lakini mashine tayari imefika mwisho wa uwezo wake kwenye chuma laini, na kwenye chuma kisichoshika kutu inakimbia maradufu. Biti inageuka bluu nchani, inakuwa butu, na chuma chenyewe kinakuwa kigumu pale kiliposuguliwa bila kukatwa. Baada ya hapo hata biti mpya inateleza tu juu yake. Watu hulaumu biti, kumbe tatizo ni puli.

Kwa hiyo anayetoboa mbao, plastiki, alumini na mabati mepesi atatosheka na ile ndogo, hana haja ya kubeba kilo 30. Anayetaka kutoboa chuma kwa biti zaidi ya 8 mm mara kwa mara atafute inayoshuka hadi 200 au chini yake. Huo ndio mpaka wa kweli kati ya makundi haya mawili.

Wati zina nafasi yake, ila si ile inayodhaniwa. Mota ya induksheni (isiyo na brashi za kaboni) ya wati 350 inatoboa tundu la 10 mm kwenye chuma bila shida kama mkanda umewekwa kwenye puli sahihi, kwa sababu puli inaposhusha spidi inaongeza nguvu ya kusokota. Mashine za kurekebisha spidi kwa kitufe cha kielektroniki zinarahisisha kazi kweli, hakuna kufungua kifuniko wala kuhamisha mkanda. Lakini zile zenye mota ya brashi za kaboni hupoteza nguvu kadiri unavyoshusha spidi, yaani zinachoka pale pale unapozihitaji. Kwa mbao sawa. Kwa chuma, puli na mkanda bado ni bora.

Vipimo viwili vingine vinapotosha. Drili ikiitwa ya inchi 10, usifikiri kutoka nguzo hadi katikati ya chaki kuna inchi 10. Ni nusu yake, kama 125 mm, kwa kuwa kipimo hicho ni cha duara unaloweza kulitoboa katikati. Cha pili ni mshuko wa bomba linalobeba shafti. Ndogo nyingi hushuka 50 mm tu, kubwa hufika 80 mm. Ukitaka kutoboa mbao ya 75 mm kwa mashine ya 50 mm, unatoboa hadi mwisho wa mshuko, unazima, unapandisha meza huku biti ikiwa ndani ya tundu, kisha unaendelea. Inawezekana, ila inachosha kama tundu ni ishirini.

Taa ya leza ya kuonyesha alama usiilipie. Inasogea kwa mtetemo, na alama ya senta panchi (chuma chenye ncha cha kugongea alama) ni sahihi kuliko msalaba wa mwanga wenye unene wa milimita nzima. Kizuizi cha kina, hicho ndicho cha kuchagua kwa makini: ule ufito wenye nati mbili za kufungana hausogei, wakati pete yenye namba kwenye mhimili wa mikono huteleza ukiisukuma kwa nguvu.

Kabla ya kulipa, omba ifunguliwe. Shusha bomba hadi mwisho, shika chaki kwa mkono, uitikise mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Ukisikia inagonga, kuna uwazi kati ya bomba na kichwa cha mashine. Kwenye modeli nyingi kuna skrubu ndogo ubavuni mwa kichwa yenye nati ya kufungia; ikizungushwa kidogo uwazi unapungua. Kama skrubu haipo na mgongano unaonekana kwa macho, achana na mashine hiyo. Halafu funga kwenye chaki ufito ulionyooka, au shina la biti mpya ya 10 mm, na uzungushe kwa mkono. Kwa geji ya saa (kipimo chenye sindano kinachoguswa kwenye ufito), kuyumba kwa 0.05 mm au chini yake ni kuzuri, 0.1 mm kunavumilika kwa mbao, 0.2 mm hutoa matundu makubwa kuliko biti na kuvunja biti za 2 mm. Usikatae mashine kwa namba ya kwanza lakini. Mara nyingi ni uchafu tu kwenye koni ya chaki.

Chaki nyingi hukaa kwenye koni: ndogo kwa koni ya B16, kubwa kwa koni ya Morse namba 2 (majina ya saizi za koni) yenye tundu refu ubavuni mwa bomba kwa ajili ya kabari ya kutolea. Kiwandani hupakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu, na hayo ndiyo hufanya chaki idondoke siku ya kwanza. Futa koni na tundu lake kwa petroli nyeupe au spiriti hadi kitambaa kitoke safi, acha pakauke kabisa, rudisha meno ya chaki ndani yote, chomeka, kisha gonga kutoka chini kwa nyundo ya mbao au ya mpira mara moja au mbili. Koni haipakwi mafuta wala gundi. Hushika kwa msuguano tu, na ndiyo maana haivumilii kusukumwa kwa ubavu. Anayeifanya drili ya mezani kuwa mashine ya kuchonga kwa kusukuma kazi pembeni atashuhudia chaki ikitoka na biti ikizunguka nayo.

Ukifika nyumbani, ifunge kwenye benchi kwa bolti kupitia kitako. Uzito wote uko juu, na kuvuta mpini kwa nguvu kunatosha kuiangusha. Baada ya hapo nyoosha meza. Usiuamini mchoro wa nyuzi za pembe ulio chini ya meza, huwa umebandikwa kwa kukisia. Kunja waya mgumu uwe na umbo la Z, funga ncha moja kwenye chaki, shusha hadi ncha nyingine iguse karatasi juu ya meza, kisha zungusha chaki kwa mkono. Karatasi ibanwe sawa pande nne. Kushoto na kulia hurekebishwa kwa bolti kubwa iliyo chini ya meza. Mashine nyingi zina pini ya kuishikilia kwenye sifuri, itoe kwanza. Mbele na nyuma haina marekebisho, hivyo kama meza imeinama mbele, weka kipande chembamba cha bati kati ya meza na mkono wake. Ukitoboa chuma kwa nguvu meza za mashine ndogo huinama zenyewe, na dawa ni biti kali na kusukuma kwa kiasi.

Jambo moja linalosahaulika: nguzo ni ya mviringo, kwa hiyo ukifungua meza kuipandisha inazunguka pembeni na unapoteza kituo chako. Kama utaanza na biti fupi ya 4 mm na kumaliza na ndefu ya 12 mm, weka urefu wa meza unaotosha biti zote mbili kabla ya kuanza. Tundu la kwanza la 3 au 4 mm ni la lazima kwa biti kubwa, kwa sababu kiini cha katikati cha biti nene hakikati, kinasaga. Chuma laini kipe mafuta ya kukatia, alumini mafuta ya taa, shaba ya njano na chuma cha kusubu toboa vikavu.

Kazi ibanwe daima. Hatari kubwa iko pale biti inapotokeza upande wa pili, inakamata ukingo na kuzungusha bamba zima kama panga. Weka kazi kwenye jiliwa, au iache iegemee upande wa kushoto wa nguzo ili ikishikwa izuiwe na nguzo badala ya vidole. Glovu hapana: biti ikikamata uzi mmoja inavuta mkono wote. Nyuzi ndefu za chuma ziondoe kwa brashi mashine ikiwa imezimwa, na ufunguo wa chaki usiachwe umechomekwa hata kwa sekunde.

Matunzo ni machache. Matone machache ya mafuta mepesi kwenye bomba likiwa limeshuka, grisi kidogo kwenye reki ya meno ya meza, nta kwenye meza na nguzo ili kutu isipande. Beringi za mashine hizi huwa zimefungwa pande zote, hazitaki grisi. Zikianza kulia, soma namba iliyoandikwa ubavuni mwake na ununue nyingine. Mkanda ubonyezwe kwa kidole gumba uingie kama 10 mm. Ukikazwa zaidi, unakula beringi za mota. Mashine ikikaa wiki nyingi bila kazi, ulegeze, la sivyo unashika umbo la puli na kuitetemesha mashine kila mzunguko. Mtetemo usioisha baada ya kubadili mkanda hutokana zaidi na skrubu ya puli iliyolegea au puli mbili zisizo usawa. Weka rula ndefu juu ya nyuso zao uone.

Bomba likishindwa kurudi juu lenyewe, springi imelegea. Imo ndani ya kikombe upande wa kushoto wa kichwa. Chomoa waya wa umeme, vaa miwani, shika kikombe kwa nguvu kabla ya kulegeza nati mbili, kivute nje kidogo hadi kitoke kwenye mfereji wake, kizungushe mfereji mmoja tu kinyume na saa, kiingize, halafu kaza nati ya ndani bila kuibana na uifunge kwa ya nje. Ukikiachia, springi hufunguka yote kwa mara moja na kikombe hukata vidole.

Mota ikivuma bila kuzunguka, lakini ikaondoka ukiisaidia puli kwa kijiti, mshukiwa wa kwanza ni kapasita (kifaa kinachotunza umeme na kuisaidia mota kuanza), wa pili ni swichi ya ndani inayoachia baada ya mota kushika kasi. Kapasita hubaki na umeme hata waya ukichomolewa, kwa hiyo itolewe chaji kupitia rezista kabla ya kuishika, na mpya iwe na maikrofaradi zile zile na volti zisizopungua zilizoandikwa kwenye ile ya zamani.