Niliagiza Mialoni ya Bata, Nikaletewa Mialoni ya Kulungu

Kitalu kilichoniuzia miche sikitaji jina, lakini yeyote anayepanga kupanda miti ya kulisha bata mwitu huku kwetu karibu na Stuttgart, Arkansas, mji unaojiita makao makuu ya mchele na bata duniani, asome haya kabla hajalipa.

Kwa kuwatendea haki, miche ilifika kwa wakati, mizizi ikiwa imefungwa vizuri na bado ina unyevu, na bei haikuwa ya kukamua mtu. Niliagiza mwaloni (oak) wa aina iitwayo Nuttall, wala sikuuchagua kwa kubahatisha. Mti huo huvumilia maji yanayotuama shambani wakati wa baridi, nao huangusha mbegu zake taratibu mpaka baridi inapokolea, wakati ambapo bata wa kaskazini wameshatua na huziokota majini penye kina kifupi, wakazimeza nzima nzima na kuiachia firigisi kazi ya kuzisaga. Isitoshe, sheria ya Marekani inakataza kuwinda bata palipomwagwa mahindi, ilhali mbegu iliyoanguka yenyewe kutoka mtini haina kesi. Shamba langu hukodishwa na wawindaji, kwa hiyo jambo hilo kwangu si dogo.

Miche hiyo huuzwa ikiwa haina majani, na hapo ndipo mnunuzi anapokuwa mikononi mwa muuzaji. Majira ya kuchipua yalipofika, majani yalitoka marefu na membamba, hayana mikato yoyote, kingo zake zimejipanga meno, na kila jino limeishia kwenye kijimwiba chembamba. Jani la Nuttall lina mikato mirefu inayokaribia kufika katikati. Nilichopanda kilikuwa Quercus acutissima, mwaloni wa Asia ya Mashariki ambao hapa watu huwapandia kulungu na bata mzinga. Ni kweli kwamba huwahi kuzaa, lakini hauyapendi maji yaliyotuama, na humwaga mbegu mapema, bata wengi wakiwa bado wako Kanada.

Nilipiga simu. Bwana aliyepokea hakuuliza hata namba ya oda. Alicheka, akasema mwaloni ni mwaloni, na bata hasomi vibandiko. Nilimweleza kwa utulivu kwamba mimi hufungia maji shambani ili bata watue, baada ya majani kupukutika, na huyafungulia kabla ya miti kuchipua, kwamba hata mialoni ya asili ya Bayou Meto, eneo la uwindaji wa bata huku Arkansas, imekufa kwa wingi kwa sababu ya maji kukaa kupita kiasi, na kwamba mti huu alionipa hautavumilia hata hayo maji ya kawaida. Akanijibu kwamba kama shida yangu ni bata, nikanunue mfuko wa mahindi nikaumwage. Huyo ni mtu anayewauzia wawindaji miti!

Shati lisilokutosha unalirudisha dukani, lakini mwaloni unaungoja miaka mingi kabla haujatoa mbegu ya kwanza, na kama nisingeyachunguza yale majani, ningeyagundua haya wakati muuzaji ameshastaafu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu, kwa sababu mstari wa mialoni ya aina nyingine, ile iitwayo willow oak, niliowahi kununua kwao unastawi mno, na mbegu zake ndogo ndizo hasa bata wanazozipenda. Kwa mstari huo ningewasifu popote. Lakini juzijuzi wamenitumia ujumbe wa kunipa punguzo kwenye oda ijayo, bila neno la samahani, bila kutaja fedha zangu, kana kwamba mimi ndiye ninayewabembeleza. Nyota moja, na hiyo ni ya mizizi iliyofungwa vizuri. Wakinirudishia fedha nitaongeza ya pili. Ya tatu waisahau, maana yule bwana bado ndiye anayepokea simu.